Jicho la Aliyesomewa Hitma

Sehemu ya Kumi na Nne

"Amour!"

Jina hilo ndilo lililomtoka Zeyana wiki iliyopita, tulipomwacha kwenye kiti cha daktari. Lenzi laini ilikuwa imekwisha kuondolewa juu ya jicho lake la kulia, na kitu cha mwanzo alichokiona baada ya kiza cha miaka minne kilikuwa ni mwanamume aliyesimama mlangoni. Mwanamume ambaye bega lake la kushoto lilipanda juu kuliko la kulia.

Bega la kaka yake. Kaka aliyesomewa hitma, watu wakala, wakaomba dua, wakenda zao.

"Tulia, Bi Zeyana! Usijifikiche!" Daktari Wakil alimdaka mikono yote miwili. "Seli zile bado changa. Ukilisugua hilo jicho, kazi ya wiki sita inakwenda na maji."

Zeyana alilifumba jicho, machozi yakimtiririka. Alipolifumbua tena, mlango ulikuwa mlango tu. Mwanga wa mraba, umezungukwa na ukungu, kama vile anatazama kupitia mvuke wa chungu kilichofunuliwa sasa hivi.

"Alikuwepo pale," alisema. "Mama, umemwona?"

Bi Mwanakheir, mama yake mzazi, alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni mwa mlango ule ule. Mtu asingeweza kupita pale bila ya kuligusa buibui lake.

"Mie sikuona mtu, mwanangu."

Jibu lilitoka haraka mno. Lilifika kabla swali halijatua.

"Umeona nini hasa?" daktari aliuliza kwa upole.

"Mtu. Mrefu. Bega lake moja juu. Kaka yangu alianguka mzambarauni tulipokuwa wadogo, mfupa ukaunga vibaya. Hakuna mtu mwengine anayesimama namna ile."

Daktari Wakil alivuta kiti karibu. "Unakumbuka wale watu wadogo?"

Zeyana aliwakumbuka. Vipi awasahau? Mwaka wa pili wa upofu wake walianza kumjia, watu wa kimo cha kidole, wamevaa kanzu za kijani, wakipanda ukutani kwa safu moja, kimya, bila ya kumtazama. Aliwaona mchana kweupe ilhali macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na ngozi nyeupe kama utando wa dafu. Mama yake alifukiza ubani chumba kizima. Daktari Wakil ndiye aliyemwambia kwamba hakuwa na wazimu wala hakuvamiwa. Ubongo uliozoea kuona, ukinyimwa picha, hujitungia zake.

"Basi huenda na huyu ni katika hao," alisema daktari. "Jicho limeanza kupata mwanga, ubongo nao bado una mazoea yake. Haya, nitazame mie. Hivi ni vidole vingapi?"

Zeyana alikodoa. Mbele yake kulikuwa na mkono, na juu ya mkono vivuli.

"Vitatu."

"Na sasa?"

"Kimoja. Na una saa. Mkanda wake mweusi."

Muuguzi alipiga kigelegele, akajiziba mdomo. Bi Mwanakheir alianza kulia. Daktari Wakil, aliyeshughulikia jicho lile tangu siku ya mwanzo, alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Zeyana peke yake hakufurahi. Alikuwa akiutazama mlango.

* * *

Kwa msomaji aliyechelewa njiani, tuseme kwa ufupi yaliyompata mwanamke huyu.

Zeyana alikuwa fundi wa chokaa. Katika wanawake wa Mji Mkongwe waliojifunza kuzirejesha nyumba za kale, yeye ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi zaidi. Akipiga lipu kwenye tao, mtu hajui lipi la zamani na lipi la jana. Kaka yake Amour alikuwa fundi pia. Mumewe, Mudrik, ndiye aliyekuwa msimamizi wao.

Siku moja, katika nyumba moja ya Malindi, ndoo iliyojaa chokaa mbichi ilikuwa ikipandishwa kwa kamba na kapi hadi ghorofa ya pili. Amour ndiye aliyeifunga kamba chini. Zeyana alikuwa kwenye jukwaa la kati, uso ameuelekeza juu. Alisikia sauti ya Amour ikipiga ukelele, "Zeyana, ondoka!" Akatazama juu badala ya kuondoka.

Chokaa haichomi kama moto. Moto unachoma ukaisha. Chokaa inaendelea kula ndani hata baada ya kuoshwa.

Ukingo wa mboni, pale weusi unapokutana na weupe, ndipo zinapozaliwa seli zinazokifanya kioo cha jicho kiwe safi siku zote. Kwa Zeyana ukingo ule uliungua wote, kulia na kushoto. Ngozi nyeupe ikaota juu ya macho yake, na mishipa ikatambaa juu yake kama mizizi juu ya ukuta wa gofu.

Kila mtu alisema fundo la Amour lililegea. Amour mwenyewe alisema hivyo hivyo, akilia. Miezi mitatu baadaye, shati lake na viatu vyake vilikutwa ufukweni Mtoni, karibu na magofu ya kasri. Maiti haikuonekana. Ikasomwa hitma.

Tangu hapo, msomaji, ndipo kikaanza kile kikohozi.

* * *

"Sikiliza vizuri," alisema Daktari Wakil akimpa Zeyana kisanduku cha dawa. "Matone mara nne kwa siku. Na vidonge hivi, asubuhi na magharibi. Usikose hata siku moja. Seli tulizokupandikiza si zako. Mwili wako ukizishtukia, utazipiga vita, na jicho litafunga tena. Likifunga mara hii, sidhani kama ntaweza kulifungua."

"Ni za nani, daktari?"

"Hayo tulishayazungumza. Aliyetoa hataki kujulikana."

"Mama aliniambia za marehemu. Zimeletwa kwa ndege kutoka nje."

Daktari alikohoa kidogo. Alikuwa mtu mkweli, na watu wakweli husema uongo vibaya sana. "Wapo wanaopata za marehemu. Lakini wewe ulikuwa na bahati. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele, tumekikatakata, tukakitandaza juu ya utando wa kondo la uzazi, kikaota vizuri ajabu. Nilishangaa. Lakini kwa damu iliyolingana namna ile, si ajabu. Hulingani hivyo na mtu baki. Hata ndugu wa baba mmoja mama mmoja, si wote wanao..."

Akageuka kupanga dawa mezani.

Mkoba wa Bi Mwanakheir ulianguka sakafuni. Sarafu, tasbihi na funguo vikatawanyika.

Zeyana hakugeuka. "Endelea, daktari. Si wote wanao nini?"

"Si wote wanaolingana," alimaliza kwa sauti ndogo. "Samahani. Nnazungumza mno."

"Mie nlikuwa na ndugu mmoja tu," alisema Zeyana. "Na kafa."

Muuguzi aliinama akaanza kuokota sarafu, moja moja, kana kwamba kazi ile ilihitaji umakini wote wa dunia.

* * *

Njia nzima ya kurudi nyumbani, Bi Mwanakheir alivuta tasbihi yake.

Nyumba yao iko Mkunazini, kwenye uchochoro ambao jua huuingia saa moja tu kwa siku. Zeyana aliupita kwa jicho lake moja lenye ukungu, akizishika kuta kwa mazoea. Mlango wa jirani alikuwa akiujua kwa harufu ya mandazi. Sasa akauona kuwa ni wa buluu. Ungemfurahisha siku nyengine.

Walipoingia, ilikuwa imebakia kitambo kidogo kufika alasiri; Mudrik alikuwa Pemba, arudi kesho. Zeyana alikaa kwenye kitanda cha kamba ukumbini, akasubiri. Alijua anachokisubiri.

Miaka minne sasa, kila siku baada ya sala ya alasiri, Mudrik akiwa kazini, mtu alikuwa akija kukaa barazani nje ya dirisha lao. Hakugonga wala hakusema. Alikaa tu, na baada ya muda alikohoa mara mbili, kavu, kifua cha mtu aliyevuta vumbi la chokaa tangu utotoni. Kisha akenda zake.

Mara ya mwanzo Zeyana alipiga kelele mpaka akazimia. "Kaka Amour yupo nje!" Mama yake alitoka, akarudi. "Hamna mtu, mwanangu." Mara ya kumi, jibu lile lile. Mara ya mia, Zeyana hakuuliza tena. Alijifunza kukaa na mzimu wake kama watu wanavyojifunza kukaa na jino bovu. Kila Alhamisi mama alifukiza ubani dirishani na kumsomea Yasini.

Na mzimu ulirudi Ijumaa, ukakohoa.

Leo pia ulikuja. Zeyana alisikia viatu vikiburura, kisha kitako kikishuka juu ya jiwe.

Alisikia na jengine, ambalo siku zote lilimpita kwa sababu hakuwahi kulitafuta. Mlango wa uani ulifunguliwa. Mama yake alitoka kwa nyuma, polepole, akarudi polepole.

Zeyana alisimama akaelekea mlango wa mbele.

"Unakwenda wapi?" Bi Mwanakheir alitokea mbele yake, kivuli kipana chenye harufu ya asumini.

"Barazani."

"Daktari kasema upumzike. Vumbi lile nje..."

"Nipishe, mama."

"Zeyana, nnakuomba. Usifungue mlango."

"Kwa nini? Si hamna mtu?"

Mama aliuegemea mlango kwa mgongo. Zeyana alimsukuma, mara ya mwanzo katika maisha yake kumtia mama yake mkono, akalivuta komeo.

Baraza ilikuwa tupu. Uchochoro mtupu. Lakini juu ya jiwe, pale pale chini ya dirisha, palikuwa na kikombe kidogo. Zeyana alikichukua. Kilikuwa cha moto. Alipitisha kidole kwenye ukingo na kukuta pengo dogo, alilolijua vyema. Alikivunja mwenyewe akiwa msichana, na mama yake akakataa kukitupa.

Aliingia nacho ndani, akakiweka juu ya meza mbele ya mama yake.

"Mama," alisema, "mizimu hainywi kahawa."

* * *

Bi Mwanakheir alikaa chini, akakigeuza kikombe pengo lielekee kwake.

"Yu hai," alisema. "Siku zote yu hai."

Zeyana aliketi mbele yake.

"Alikwenda Mtoni kweli kutaka kujitosa," mama aliendelea. "Mzee Msabah, yule fundi mwenzenu, alimfuata nyuma akamshika. Akamchukua kwao Mkokotoni, akamficha. Mie nilikuja kuambiwa mwezi mzima baadaye."

"Baada ya hitma."

"Baada ya hitma."

"Na hukuniambia!"

"Ntakwambiaje?" Bi Mwanakheir alipandisha sauti, na ndani ya sauti ile mlikuwa na miaka minne ya kuizuia. "Ulikuwa huli. Hulali. Ulikuwa unasema, 'Mola, usinisikilizishe sauti ya Amour, bora afe.' Nilipokuja kukwambia kafa, ulifanya nini? Unakumbuka? Uliomba uji. Siku ile ndipo ulipokula, Zeyana. Ulikula kwa sababu mwanangu kafa! Sasa mie nikufufulie maiti ili unifie wewe?"

Zeyana alikumbuka. Uji ule ulikuwa wa mtama, na aliumaliza.

"Nikachagua mmoja," mama alinong'ona. "Mwengine nikamwambia aje na daladala, kilemba usoni, akae nje tu, asiseme neno. Akusikie unavyopumua, basi. Na mie nikamfukizia ubani mwana aliye hai, nikamsomea Yasini huku yeye nje ananisikia. Mungu na anisamehe, maana mie mwenyewe nimeshindwa kujisamehe."

Zeyana alikiinua kisanduku cha vidonge. "Kwa hivyo hizi ni seli zake. Yule aliyeniunguza ndiye aliye ndani ya jicho langu."

"Alimwomba daktari amtoe jicho zima akupe. Daktari akakataa. Akasema anahitaji kijipande tu."

"Sikumwomba!"

"Zeyana..."

"Sikumwomba, na simezi hata kidonge kimoja tena! Na liungue. Nilikwishazoea kiza. Kiza hakijanidanganya hata siku moja, kama ulivyonidanganya wewe!"

Alikitupa kisanduku ukutani. Vidonge vikamwagika, vyeupe, vikabiringika mpaka chini ya mlango.

Na mlango ukafunguka.

Mwanamume aliyekuwa ameinama kuviokota alikuwa mrefu. Bega lake la kushoto lilikuwa juu.

* * *

Amour alijiinua, akausukuma mlango nyuma yake.

Sauti anazozijua mtu kwa miaka thelathini hazisahauliki, lakini Amour hakuwa na sauti ile. Aliongea kama mtu aliyekopa koo la mwengine.

"Dada, vimeze," alisema. "Nichukie utakavyo, lakini vimeze. Ukishapona ntakwenda, hutonisikia tena."

Zeyana alimsogelea. Jicho lake halikuweza kumwona vyema mpaka alipofika karibu kabisa, pua kwa pua. Alimwona amezeeka. Nywele za kipajini zimeingia mvi, na amekonda mpaka mifupa ya mashavu imesimama. Katika jicho lake la kushoto, pembeni mwa mboni, palikuwa na kovu dogo jekundu mfano wa kucha ya mtoto.

Ndipo walipomkata. Ndipo ilipotoka nuru yake yeye, Zeyana.

"Kwa nini hukulikaza fundo?" alimuuliza. Swali hili alilibeba miaka minne. Alitaka kulipiga kelele, likatoka kama pumzi. "Nlikuwa nimekukosea nini, Kaka?"

Amour alimtazama mama yake kwanza. Kisha akarudisha macho.

"Nililikaza."

"Wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema kwa sababu kila mtu alisema. Ukiambiwa kitu na watu ishirini, hata mikono yako unaacha kuiamini. Miaka minne, Zeyana, kila nikifumba macho nnalifunga fundo lile. Nnalifunga, nnalivuta, limekaza. Nnasema, labda nnaota." Aliligusa jicho lake la kushoto. "Mwezi uliopita, nilipotoka kwa daktari na kitambaa jichoni, nilikwenda kwa Mzee Msabah. Yuko kitandani, maradhi yamemlemea. Nikamwambia, mzee, leo nimelipa kosa langu. Akaanza kulia. Akasema, 'Mwanangu, wewe huna kosa. Niliiokota kamba ile siku ile. Fundo lako lilikuwa bado limo kwenye mkono wa ndoo. Kamba ilikatwa juu. Kwa kisu, mkato mmoja.'"

Zeyana alimshika mkono.

"Nani alikuwa juu?"

Lakini alikwishajua. Kwenye kapi, ghorofa ya pili, siku zote alisimama mtu mmoja tu, kwa sababu hakumwamini mwengine.

"Msabah alimwona akikirudisha kisu mfukoni," alisema Amour. "Akaogopa kusema. Msimamizi ndiye anayempa kazi."

Zeyana alishika meza. Asubuhi ya siku ile ilimrudia, nzima, kama chumba kilichofungwa kilichofunguliwa dirisha. Chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa. Yeye akifunga kanga kichwani kabla ya kutoka kazini, akisema kwa utulivu kabisa, "Mudrik, mie nshachoka. Nnaomba talaka yangu." Na Mudrik akiendelea kunywa chai, akisema, "Tutazungumza jioni."

Jioni ilikuta hana macho. Na mwanamke asiye na macho hadai talaka. Mudrik alimlisha kwa mkono wake, akamwosha, akamwongoza njiani, mji mzima ukimsifu kwa subira. Na kila alipolia, alimbusu utosini akamwambia, "Nani mwengine atakutazama, Zeyana, isipokuwa mie?"

Alikuwa akilichukulia neno lile kuwa ni mapenzi.

"Mama," alisema, "ulijua?"

Bi Mwanakheir alifungua mdomo. Alinyanyua mkono, macho yameganda dirishani.

"Nyamazeni," alisema. "Nyamazeni nyote."

Katika uchochoro kulikuwa na hatua. Hatua za viatu vya ngozi, zisizo na haraka.

"Si yuko Pemba?" Amour alinong'ona. "Si anarudi kesho?"

"Ingia chumbani! Haraka!"

Amour aliingia chumba cha ndani, pazia likaanguka nyuma yake. Bi Mwanakheir alijitupa sakafuni akakusanya vidonge kwa viganja vyote viwili, akavitia kifuani mwake. Zeyana alikaa kwenye kitanda cha kamba, mikono mapajani, kama alivyokaa kila siku kwa miaka minne.

"Hodi, watu wa nyumba!"

"Karibu, baba," alijibu Bi Mwanakheir, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kiasi cha kutisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo? Si tulikutarajia kesho?"

"Nlishindwa kustahamili. Moyo wote ulikuwa huku." Mudrik alimpita, akapiga magoti mbele ya mkewe, akamshika mikono. Harufu yake ya udi, ile ile. Viganja vyake vikavu, vile vile. "Mke wangu. Daktari kasemaje? Niambie. Unaona?"

Zeyana alilielekeza jicho lake mbele, juu kidogo ya kichwa chake, mahali ambapo vipofu hutazama. Ndani ya ukungu aliuona uso. Haukuwa umezeeka hata siku moja.

Hapo ndipo palipokuwa na maisha yake yote. Neno moja la kweli, na kila kitu kingelipuka: kaka yake aliye nyuma ya pazia, mama yake mwenye vidonge kifuani, na mtu huyu mwenye kisu.

"Sioni," alisema. "Sioni kitu, Mudrik. Haikushika."

Mkono wa Mudrik ulipanda taratibu, ukapita mbele ya jicho la kulia. Ukarudi. Ukakaribia mpaka kope zikausikia upepo wake. Zeyana hakupepesa.

"Masikini weee," alisema Mudrik. Sauti yake ilikatika kwa kilio, sauti ya mume aliyevunjika moyo. "Masikini mke wangu. Ndiyo majaaliwa. Tutafanyaje?"

Miaka minne Zeyana alikuwa akimsikia mumewe bila ya kumwona. Leo, kwa mara ya mwanzo, alimsikia na kumwona kwa pamoja.

Sauti ilikuwa ikilia. Uso ulikuwa ukicheka.

Ulikuwa mcheko mpana, wa raha, meno yote nje, wa mtu aliyepanguswa jasho la hofu. Na machoni hamkuwa na hata tone.

"Usijali," Mudrik aliendelea, akimpapasa mkono, akiutazama uso wake kama mtu anayetazama nyumba yake. "Mie sikukata tamaa. Nimepata mganga wa macho Pemba, kijijini ndani kabisa, mbali na kelele hizi. Tutakaa huko. Kesho boti ya saa moja asubuhi."

"Na mama?" aliuliza Zeyana.

"Mama atabakia kututunzia nyumba." Aliingiza mkono mfukoni, na karatasi mbili zikachakarika. "Tiketi nshazikata tangu juzi. Mbili."

Tangu juzi. Kabla ya lenzi kuondolewa. Kabla ya kuuliza kama anaona au haoni.

Nyuma ya mabega ya Mudrik, pazia la chumba cha ndani lilitikisika. Mkono mmoja ulilishika ukingoni, ukaanza kulivuta.

Zeyana alitikisa kichwa. Kidogo tu, kwa yule aliye nyuma ya pazia: bado.

"Unakataa nini?" Mudrik aliuliza, na mcheko ukamtoka usoni. Akageuka kutazama nyuma yake.